Tarakilishi Inapokataa Kwamba Mkono Wangu ni Ngozi

Leo naanza na mistari minne ya msimbo. Wale ambao hawaandiki programu wasikimbie, nitaieleza polepole.

R > 95, G > 40, B > 20
kubwa kuliko zote toa ndogo kuliko zote > 15
tofauti ya R na G > 15
R > G na R > B

Hii ni kanuni ya kutambua ngozi ya binadamu ndani ya picha. Kila pikseli ya picha ya kawaida ina namba tatu: R ya nyekundu, G ya kijani na B ya buluu, kila moja kati ya 0 na 255. Unachukua pikseli, unaipitisha kwenye masharti hayo. Ikifaulu yote, ni ngozi. Ikianguka hata sharti moja, si ngozi. Ilitoka Chuo Kikuu cha Ljubljana kule Slovenia mwaka 2003, katika kazi ya Peer, Kovač na Solina ya kutafuta nyuso kwenye picha, na tangu siku hiyo imenakiliwa kila mahali. Utaikuta kwenye mafunzo ya wanaoanza na kwenye miradi ya wanafunzi, na mimi nimeikuta ndani ya programu niliyokabidhiwa kazini niitengeneze. Inapendwa kwa sababu ni fupi, ni ya haraka, na inakimbia hata kwenye simu ya bei ya chini.

Basi nikapiga picha mgongo wa mkono wangu nikiwa kwenye ujia wa jengo letu, saa nne asubuhi, taa zimezimwa. Pikseli ya katikati ilisoma R 74, G 51, B 41. Rudi juu usome masharti. Tofauti ya kubwa na ndogo ni 33, sawa. R na G zinatofautiana kwa 23, sawa. R ni kubwa kuliko mwenzake wote wawili, sawa. Lakini 74 haizidi 95. Si ngozi.

Nikageuza kiganja. Kiganja ni ngozi. Nikasogea dirishani na mgongo ule ule wa mkono: 131, 92, 72. Sasa ni ngozi. Nikapiga picha katoni la karatasi za printa lililokuwa mlangoni: 180, 140, 100. Katoni ni ngozi! Wenzangu ofisini walicheka mpaka bosi akaja kuuliza kuna nini.

Tuwatendee haki wenyewe. Walioandika kanuni walisema wazi kwamba ni ya mwanga wa mchana uliosambaa sawasawa, na walitoa masharti mengine tofauti kabisa kwa picha za flashi. Waliokuja baadaye ndio waliobeba namba wakayaacha maelezo. Huo ndio ugonjwa wa fani yetu: namba husafiri, maelezo hubaki nyumbani.

Wazo la kwanza linalomjia kila mtu ni kushusha kikomo. Kwani 95 ni nini? Weka 50. Nilijaribu. Mkono wangu ukaingia, na nyuma yake ikaingia meza ya mvule, kiondo, udongo mwekundu wa nje, na mlango. Huwezi kuponya kanuni hii kwa kuisukuma chini, kwa sababu shida haiko kwenye 95. Shida ni kudhani kwamba ngozi ina rangi yake moja ambayo kamera inaisoma kama mizani inavyosoma kilo. Hebu tuangalie kinachotokea kweli.

Mwanga ukigonga ngozi, sehemu ndogo hurudi hapo hapo juu. Huo ndio mng'ao unaouona kwenye paji la uso la mtu anayetokwa jasho. Mwingine huingia ndani, hupita tabaka lenye melanini, hufika kwenye damu chini yake, hutawanyika, kisha baadhi yake hutoka tena. Melanini hunyonya karibu kila rangi, lakini hunyonya zaidi buluu na kupungua kadiri unavyoelekea nyekundu. Hemoglobini ya damu hunyonya sana kijani, hasa pale kwenye nanomita 540 hadi 580. Ndiyo maana kwa binadamu wote, kuanzia Mnorwe mpaka Mdinka, mwanga wa nyekundu ndio unaotoka zaidi. Sharti la mwisho la ile kanuni, R kuwa kubwa kuliko G na B, lina akili ndani yake. Hilo ni fizikia. Lile la 95 ni desturi ya mahali.

Kisha huo mwanga uliotoka lazima upite kwenye kamera, na kamera si shahidi mwaminifu. Vihisi vingi vya kamera bado vinatumia mpangilio ambao Bryce Bayer wa Kodak aliupatia hataza mwaka 1976: nusu ya vituo vinaona kijani tu, robo nyekundu, robo buluu, na rangi unazoziona zimejazwa kwa kukisia kutoka kwa majirani. Kabla ya hapo simu imeamua yenyewe iachie mwanga kiasi gani, kwa kujaribu kufanya picha nzima iwe na weupe wa wastani. Mweke mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe: simu inaona weupe mwingi, inabana mwanga, na mtu anabaki meno na macho. Sote tuna picha kama hizo za harusi. Baada ya hapo inasawazisha rangi kwa kukisia taa ni ya aina gani, inalainisha ngozi ili upendeze hata kama hukuomba kupendezwa, halafu inabana faili kuwa JPEG. JPEG, ambayo ni kiwango cha tangu mwaka 1992, kwa kawaida hutupa sehemu kubwa ya habari za rangi na kuhifadhi habari za mwanga na giza, kwa sababu jicho letu halioni upesi rangi ikipungua. Na sehemu za giza za picha ndizo zenye chenga nyingi zaidi.

Kwa hiyo namba 74 niliyoisoma haikuwa rangi ya mkono wangu. Ilikuwa rangi ya mkono wangu mara mwanga wa ujia mara maamuzi manne au matano ya mtengenezaji wa simu.

Kuna kipimo kinachopendwa na watu wa vipodozi na wa maabara, kinaitwa ITA. Unageuza rangi kuwa mfumo wa Lab, ambamo L ni weupe na b ni umanjano, kisha unatafuta pembe: tanjenti kinyume cha L toa 50, gawa kwa b. Zaidi ya digrii 55 ni ngozi nyeupe sana, chini ya −30 ni ngozi nyeusi, na katikati kuna ngazi nyingine nne. Hesabu safi, naipenda. Nilipoipitisha kwenye picha zangu mbili, dirishani nilipata karibu −22, yaani kundi la kahawia. Kwenye ujia nilipata karibu −68, yaani nyeusi kabisa. Hatua kumi na tano za miguu na nimehama kundi. Tena kosa si la ITA. Ilitengenezwa kwa kifaa kinachogusa ngozi na kuja na taa yake mwenyewe, si kwa simu iliyoshikwa kwa mkono mmoja.

Madaktari nao wana mizani ya Fitzpatrick, kutoka kwa Thomas Fitzpatrick wa Harvard, mwaka 1975. Wengi wanadhani ni mizani ya rangi. Siyo. Ilianza kama maswali: ukikaa juani unaungua? Ukishaungua unageuka kahawia? Alitaka kujua ampe mgonjwa wa soriasisi mionzi kiasi gani bila kumuunguza. Mwanzoni aina zilikuwa nne, zote za wazungu. Ngozi za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye kama aina ya tano na ya sita. Fikiria matatu iliyojaa kutoka Voi kwenda Mombasa, utakuta maji ya kunde, utakuta chokoleti, utakuta mweusi tititi, na karibu wote watatupwa kwenye visanduku viwili vya mwisho. Wazee wetu walikuwa na majina mengi ya rangi ya mtu kuliko hiyo mizani ya Harvard. Mwaka 2022 Google ilitoa mizani nyingine ya rangi kumi iliyotengenezwa na Ellis Monk, mwanasosholojia naye wa Harvard. Hiyo angalau imekubali kwamba ni ya rangi, na upande wa giza una nafasi ya kupumua.

Mtu ataniambia, ndugu, hayo masharti ya R na G ni ya kale, siku hizi tunaifundisha mashine kwa picha na yenyewe inajitafutia. Kweli. Mwaka 2017 watu wa Stanford walichapisha kazi iliyotikisa dunia ya madaktari wa ngozi: walifundisha mfumo kwa picha 129,450 za magonjwa ya ngozi, kisha wakaupima dhidi ya madaktari 21 wa ngozi, na mashine ikasimama nao bega kwa bega katika kutambua saratani. Ni kazi nzuri na sina ugomvi nayo. Lakini mashine hujifunza kile ilichoonyeshwa. Mkusanyiko mmoja unaotumiwa sana na wanafunzi na watengenezaji programu unaitwa HAM10000. Una picha 10,015 zilizopigwa kwa dermatoskopu, ile lenzi yenye taa ambayo daktari huiweka juu ya ngozi, na picha hizo zilitoka Vienna, Austria, na Queensland, Australia. Sasa jiulize ni nyayo ngapi za watu wa Taita zimo humo.

Mwaka 2022 Roxana Daneshjou na wenzake, pia wa Stanford, walitoa mkusanyiko mdogo wa picha 656 uliochaguliwa makusudi uwe na ngozi za rangi mbalimbali, kila ugonjwa ukiwa umethibitishwa maabara. Waliipitisha mifumo iliyokuwa ikisifiwa. Ilishuka, na kwenye ngozi nyeusi ilishuka zaidi. Jambo linalonipa moyo ni sehemu ya pili: walipoiongezea mafunzo kwa hizo hizo picha za rangi mbalimbali, pengo kati ya ngozi nyeusi na nyeupe lilizibika. Kwa hiyo ngozi yetu haina siri ambayo mashine haiwezi kuijua. Haikuonyeshwa tu.

Na mashine ina ujanja wa mwanafunzi mvivu. Watafiti waligundua mfumo mmoja ulikuwa na mwelekeo wa kuita alama "saratani" iwapo kuna rula ndani ya picha, kwa sababu madaktari huweka rula pale wanaposhuku. Mashine ikajifunza rula. Mwaka 2019 kundi la Ujerumani likaonyesha kwamba wino wa daktari wa upasuaji, ule wa zambarau wa kuchora ngozi kabla ya kukata, uliufanya mfumo uliokuwa sokoni uone melanoma mahali ambapo hapakuwa nayo. Wino huo ni nini? Gentian violet. Ndiyo, GV ile ile tuliyopakwa mdomoni na magotini tukiwa watoto. Nikasoma mara mbili nikacheka, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nusu ya picha za vidonda ninazotumiwa kutoka nyumbani zina GV.

Ninatumiwa picha kwa sababu ya shangazi yangu.

Shangazi anaishi Voi. Mwaka juzi binamu yangu alinitumia picha ya unyayo wake wa kulia, yenye doa jeusi karibu na kisigino. Binamu alikuwa ameshaipitisha kwenye programu moja ya simu ya kukagua ngozi. Ilimjibu kwamba ni alama ya kawaida na arudie baada ya miezi sita. Picha yenyewe ilipigwa usiku, chini ya balbu ya manjano, kwa flashi, na unyayo ulikuwa uneng'aa kama sahani. Programu hiyo haikulalamika kuhusu picha. Ilitoa jibu tu, kwa ujasiri.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu nyayo. Wengi wetu tumesikia kwamba saratani ya ngozi ni ya wazungu na ya ndugu zetu wenye ualbino, na ni kweli kwamba jua huwaumiza wao zaidi. Lakini kuna melanoma isiyotokana na jua, inayoota kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, na kwa watu weusi wanaopata melanoma hiyo ndiyo inayojitokeza zaidi. Bob Marley aliipata kwenye kidole gumba cha mguu. Iligunduliwa mwaka 1977, akafariki tarehe 11 Mei 1981 akiwa na miaka 36. Haianzi na maumivu. Mtu anasema ni mwiba, ni kiatu, ni damu iliyovilia.

Nilimpigia simu siku hiyo hiyo. Baada ya shikamoo na habari za mbuzi nikamwomba aende hospitali ya rufaa akaonwe na daktari wa ngozi.

"Mwanangu, hiki kidoa kimenikalia miaka," akasema. "Sasa nipande gari mpaka Mombasa kwa sababu ya kidoa? Nitawaambia nini? Kidoa hakiumi."

"Shangazi, ndiyo maana nataka uende."

"Nitaenda nikimaliza mavuno."

Ukimjua shangazi yangu unajua mazungumzo yalikwishia hapo. Kwa hiyo nikageukia binamu. Nikamwambia, haya, kama haendi, basi tupime, na mwanzo wa mwezi ujao tupime tena, na ujao tena, na wewe kila siku mwambie aende.

Sikutumia rangi kabisa. Rangi ya picha ya simu ningeibishia mimi mwenyewe. Nilitaka milimita. Kadi ya benki duniani kote ina upana wa milimita 85.6, hicho ni kiwango cha kimataifa, hata kama kadi ni ya benki gani. Ilaze karibu na doa, uso wake chini ili namba zisionekane, piga picha simu ikiwa imetazamana na unyayo moja kwa moja, na programu inajua milimita moja ni pikseli ngapi. Picha za binamu, akikaribia vizuri, zilitoa kadi yenye pikseli kama 1,700, yaani karibu pikseli 20 kwa kila milimita.

Picha ya kwanza aliyonitumia hivyo ilifika ikiwa na pikseli 1,600 tu upande mrefu, kwa sababu programu ya ujumbe ilikuwa imeipunguza njiani, na alikuwa amepiga mguu mzima. Mguu wa milimita 250 ndani ya pikseli 1,600 unakupa pikseli 6 kwa milimita. Hilo linatosha kujua ukubwa wa doa, lakini linafuta kitu kingine muhimu. Angalia unyayo wako: una mistari kama ya alama za vidole, matuta na mifereji, kila tuta likiwa kama nusu milimita kutoka kwa jirani yake. Madaktari wa Japani, ambako melanoma ya nyayo inajulikana sana, walionyesha kwamba doa lisilo na hatari kwa kawaida huweka rangi yake ndani ya mifereji, wakati melanoma ya mapema hupenda kukaa juu ya matuta. Ukitaka kujua lipi ni tuta, tafuta vitobo vidogo vya jasho. Hufunguka juu ya matuta. Kwa pikseli 20 kwa milimita, kila tuta na mfereji wake vina pikseli 10 na unaweza kuviona. Kwa pikseli 6 vina tatu, na JPEG inavisaga viwe uji. Nilimfundisha binamu kutuma picha kama faili, si kama picha.

Ninaupenda mpangilio wa matuta kwa sababu ni swali ambalo halijali wewe ni mweusi au mweupe. Unauliza giza liko wapi, huulizi giza ni kiasi gani. Hata hivyo kazi ya kuamua niliiacha kwa daktari. Mimi nilihesabu ukubwa tu.

Ili nijue kama kipimo changu kina maana, nilimwomba binamu apige picha tano siku ile ile, kila mara akiondoa kadi na kuirudisha. Vipimo vitano vilitofautiana kwa chini ya nusu milimita. Mwezi wa tatu doa lilikuwa milimita 8.5 upande wake mrefu. Mwezi wa nne 9. Mwezi wa sita 10.5. Milimita mbili haziwezi kuwa mkono wa binamu uliotetemeka.

Nilichapisha picha ya kwanza na ya mwisho kwa kipimo kimoja, moja juu ya nyingine, nikampa dereva wa matatu azipeleke. Binamu anasema shangazi alizitazama muda mrefu akauliza, "Huu wote ni mguu wangu?" Ijumaa iliyofuata walipanda gari.

Daktari aliangalia kwa dermatoskopu, akakata kipande, maabara ikasema melanoma. Ilikuwa bado nyembamba. Waliitoa pamoja na nyama ya pembeni na kuziba kwa ngozi ya pajani. Sasa anavaa viatu vya mpira vilivyo wazi kisigino, anatembea, na kila baada ya miezi michache anaenda kuangaliwa. Binamu alimwonyesha daktari grafu yangu yenye rangi nzuri. Daktari hakuijali. Aliuliza tarehe na milimita, akaziandika kwenye faili.

Tangu hapo jamaa na marafiki wa jamaa wameanza kunitumia picha, na ile programu nimeiandika upya. Kanuni ya 95 haimo. Mtumiaji mwenyewe anagusa sehemu ya ngozi nzima isiyo na shida, karibu na doa, na programu inalinganisha doa na ngozi hiyo tu, mtu yule yule, picha ile ile, mwanga ule ule. Nimeondoa pia neno "wekundu". Vitabu vingi vinasema kidonda kilichoingia maambukizi ni chekundu; kwenye ngozi nyeusi mara nyingi kinakuwa cheusi zaidi, au cha zambarau, au kijivu, kwa sababu damu iko chini ya melanini na kamera inaona vyote viwili vikiwa vimechanganyika. Muuguzi wa zahanati ya kwao haangalii wekundu. Anaweka mgongo wa mkono kusikia joto. Simu haina huo mgongo wa mkono, kwa hiyo programu yangu inasema "kimekuwa cheusi kuliko jirani" au "kimekua", na inanyamaza. Haisemi saratani. Haisemi si saratani. Nimeombwa mara kadhaa niongeze jibu la ndiyo au hapana na nimekataa.

Inakataa pia picha mbaya. Kama kuna mng'ao wa flashi, kama karatasi nyeupe niliyoagiza iwekwe pembeni inaonekana ya manjano, kama kadi imelala upande, inasema piga tena. Watu wanaichukia kwa hilo. Maelekezo ninayotoa ni kivuli cha nje, saa tatu hadi saa tano asubuhi, flashi imezimwa, futa mafuta na jasho, karatasi nyeupe na kadi viwe ndani ya picha.

Picha hazitoki kwenye simu. Habari za mahali picha ilipopigwa, ambazo simu nyingi huziandika ndani ya faili kimyakimya, zinafutwa kabla ya kuhifadhi. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaweka habari za afya kwenye kundi nyeti, lakini hata bila sheria, nani anataka unyayo wa shangazi yake uzunguke kwenye seva ya mtu asiyemjua?

Kucha bado zinanishinda. Mstari mweusi chini ya ukucha unaweza kuwa wa kawaida kabisa kwa watu weusi, na unaweza kuwa ndio ugonjwa, kwa hiyo ningependa kupima upana wake mwezi hadi mwezi kama nilivyopima doa. Lakini ukucha umejipinda na unang'aa kama kioo, na nikipunguza mng'ao napoteza mstari. Shida nyingine sikuitarajia mpaka nilipopokea picha kutoka Mombasa mwezi wa harusi. Mguu mzima ulikuwa na maua ya hina na piko, na programu ikatangaza kwamba doa limekua kutoka milimita 4 hadi 112. Nimeongeza swali moja mwanzoni: umepaka hina, piko au GV? Ukijibu ndiyo, inakuambia usubiri ifutike ndipo upige picha, ila kama doa lenyewe linakutia wasiwasi, nenda hospitali leo na maua yako hayo hayo.